Mwaka Ambao Hatukutazama Kombe la Dunia

Likizo ile ilinukia mbuzi choma na vumbi lililoloweshwa na mvua za vuli. Baba alikuwa na bucha pale Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, na nyuma yake chumba chenye mabenchi, jiko la makaa na runinga kubwa aliyoinunua mahususi kwa Kombe la Dunia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili. Nilikuwa pia golikipa wa timu ya wasichana shuleni, mwenye magoti yasiyopona, na baba alikuwa ameniahidi kiti cha mbele kwa kila mechi. Niliisubiri ahadi hiyo kama mtoto mdogo anavyosubiri Krismasi.

Kombe lenyewe lilichezewa Uarabuni, katika nchi ambako Lemayian alikuwa amekwenda kujenga viwanja. Huyu Lemayian alikuwa wa rika la baba. Walitahiriwa msimu mmoja, wakachunga pamoja mbugani, na kwetu alikuwa mjomba kuliko wajomba wa damu. Kwa kupenda mpira alitushinda sote. Aliondoka akijigamba kwamba atakanyaga nyasi za kiwanja kipya kabla ya wachezaji. Kumbe ajali haina kinga. Juma moja kabla ya kombe kuanza alimpigia baba simu na kusema kwamba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu umevunjika, na mwajiri wake amekataa kumrudishia pasipoti. Hakutaka kingine ila kurudi nyumbani. Baba alipoweka simu chini, alikwenda nje akasimama na mbuzi waliokuwa wakingoja kuchinjwa.

Siku ya ufunguzi chumba kilijaa hadi mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye kiti changu. Wimbo wa taifa ulipoanza, baba alijipenyeza katikati ya watu, akaizima runinga, akageuka.

"Mnisamehe," alisema. "Mimi siwezi kunywa hii maziwa na Lemayian ako huko. Nyama iko, chai iko. Lakini mpira hapa hakuna, mpaka arudi."

Waliotoka mbali hawakuelewa habari ya maziwa. Wamasai walielewa papo hapo. Morani hanywi maziwa peke yake. Hata akifa njaa, humngoja mwenzake wa rika. Baba alikuwa ameacha umorani zamani, anavaa suruali na kuimba kwaya kanisani, lakini desturi hiyo ilikuwa bado imo mifupani mwake. Wateja wengi walicheka, wakabeba sahani zao hadi hoteli ya ng'ambo ya barabara. Nami nilikasirika hadi nikalia. Kila goli lilipofungwa, kelele za ng'ambo zilinifikia, nami nikabaki kukisia ni nani amefunga. Nilimwuliza mama kama wale wachezaji walijua kwamba baba amewagomea. Alinijibu kwamba hawajui, na kwamba baba hakuwafanyia wao.

Wazee wa rika lake ndio waliokuja kwanza, mmoja mmoja, wakaketi mbele ya kioo cheusi na kunywa chai. Jioni moja Mama Nekesa, jirani yetu wa kutoka Bungoma aliyefundisha chekechea, aliingia kununua matumbo, akauliza kwa nini tumezima. Aliposimuliwa, alikaa. Alisema mdogo wake yuko nchi hiyohiyo, kazi ya nyumbani, na simu yake haijashika tangu shule zifunguliwe.

"Sijaambia mtu," alisema. "Niliogopa mtasema si ni sisi tulimtuma."

Hakuna aliyesema hivyo. Fundi wa pikipiki aliyekuwa akila pembeni aliacha kutafuna, akamtaja kaka yake aliyeko huko pia. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka yote hiyo, tunasalimiana kila asubuhi, na kila nyumba imefunika chungu chake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla ya fainali walikuwa wengi wa kutosha kwenda Nairobi pamoja, ofisi hadi ofisi, wizarani na ubalozini, wazee wa shuka na walimu kutoka magharibi mwa Kenya wakiulizia watu wao kwa majina. Waliambiwa warudi kesho, wakarudi. Waliambiwa wasubiri, wakaketi sakafuni na kutoa mkate.

Lemayian alirudi wakati wa masika, akichechemea, na baada yake akarudi mdogo wa Mama Nekesa. Lemayian alipoingia buchani alimwuliza baba kama fainali ilikuwa tamu. Baba akamwambia kwamba hatukuiona. Lemayian aliutazama uso wake, kisha yule mtu mzima akalia mbele yetu bila kujificha, na hasira yangu yote ikaisha hapohapo.

Sasa niko chuoni, na wenzangu huniuliza kama kuzima runinga moja Kitengela kulibadilisha lolote. Kombe lilichezwa, washindi wakalibeba. Vijana wa kwetu bado wanaondoka, maana kazi ni haba na ukame haujatuhurumia. Lakini zamani waliondoka kimyakimya, na leo huja kwanza buchani kuaga. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya binamu yangu. Lemayian alimkalisha, akamnunulia mbavu, akamwuliza mbele yetu sote jina la mwajiri na mji anaokwenda, hadi kila mtu chumbani akaweza kuyarudia.

"Enda salama," alimwambia. "Ukinyamaza, tutakuja kuuliza."