Rangi Kabla ya Breki

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja nilivyosimama uani kwa fundi, Makambako, nimejifunga kitenge kipya na kilemba juu, nikamtukana mtu aliyekuwa akiniokoa. Kaa hapa nikusimulie. Nimesikia nawe umeanza kutafuta gari kuukuu, na wewe una damu yangu, unapenda kung'aa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa, na hata sisi wanawake wa viazi tukathubutu kutaka vitu vikubwa. Nilikuwa nanunua viazi katika vijiji vya Njombe, nauza Makambako kwa watu wa malori. Mradi mmoja wa maji ulipofunga kazi ukanadi magari yake, nami nikanunua landrova moja ambayo wanaume wote pale mnadani waliicheka. Haikuwa na vioo, betri ilikuwa imekufa, na kiti cha dereva kilikuwa gunia lililojazwa majani. Baba yako aliniuliza kama nimenunua gari au banda la kuku. Nilimjibu kwamba hata kuku nao watafika sokoni.

Bandu bandu huisha gogo. Sikuwa na uwezo wa kuitengeneza yote kwa mpigo, kwa hiyo kila msimu wa viazi ulitoa kitu kimoja. Msimu wa kwanza ulitoa tairi, zilizotumika lakini zenye meno. Msimu wa pili ulitoa betri na starta. Kabla ya hapo nilikuwa naegesha mteremkoni tu, na nikitaka kuondoka naiachia iteremke mpaka iwake. Njombe hatuna uhaba wa miteremko, tumshukuru Mungu. Msimu wa tatu Fundi Shabani akaishusha injini na kuifufua. Huyu alikuwa mzee wa Kondoa, mtu wa swala tano, aliyehamia Makambako zamani na kuzeeka na grisi mikononi. Alipomaliza aliniambia, “Msimu ujao ni breki, binti yangu. Usinunue kitu kingine.”

Nilijua anachosema. Breki ya gari ile ilikuwa haishiki mpaka uikanyage mara tatu. Nilishazoea. Moja, mbili, tatu, inasimama. Mazoea yana taabu, mwanangu. Ukiishi na kosa muda mrefu unaanza kuliona kuwa ni tabia ya gari.

Sasa mdogo wangu Tumaini akachumbiwa na kijana wa Makambako. Baba yangu akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba bibi harusi atatolewa nyumbani kwa gari ya dada yake. Hebu fikiri, wakati ule, Ubena kwetu, gari ya mtoto wa kike! Kichwa kilivimba. Fedha niliyoiweka kwa ajili ya breki ikanunua rangi ya kijani, vioo, mapazia, na viti laini ili mashangazi wasiumie migongo. Kazi hiyo niliipeleka kwa fundi mwingine, maana nilijua Fundi Shabani angenikemea. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Asubuhi ya harusi nikapitia kwa Fundi Shabani anikazie honi, kwa kuwa nilitaka niipige kuanzia Njombe mjini mpaka mlangoni kwa baba. Alilizunguka gari polepole, akaisifia rangi. Kisha akafungua boneti, akachomoa rota, kile kidude kidogo ambacho bila hicho injini haiwaki, akakitia mfukoni mwa shati lake.

“Breki umeweka?”

“Nitaweka msimu ujao, Mzee.”

“Basi na harusi iwe msimu ujao.”

Hasira zilinipanda. Nilimwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mtu wa umri wa baba yangu. Nilimwita mtu wa kuja, asiyejua uchungu wa kuwaaibisha ndugu. Nikamwambia gari ni langu. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, akasema, “Gari ni lako, binti yangu. Watu watakaopanda ni wa Mungu.” Halafu akaniambia nipande, nikanyage breki kwa nguvu zangu zote, kama ambavyo ningeikanyaga endapo mtoto angekatiza barabara.

Nikapanda, nikakanyaga nikimkomoa yeye. Mara ya kwanza pedali ikazama. Mara ya pili ikaanza kushika. Mara ya tatu nikasikia kitu kimepasuka chini, mguu ukaenda mpaka kwenye bati, na pedali haikurudi tena. Nilishuka nikainama. Mafuta ya breki yalikuwa yanatiririka kwenye vumbi. Gari lilikuwa palepale uani, halijasogea hata hatua moja, lakini mimi nilishaiona ile miteremko ya njiani, Tumaini na shela lake amekaa pembeni yangu, mashangazi wanaimba nyuma. Nilikaa chini na kitenge changu kipya, nikalia.

Fundi alikwenda kwa jirani yake mwenye lori la mbao, akamwomba mpaka akakubali. Wakalifagia, wakatandika mikeka, na yeye mwenyewe akapanda pamoja nami hadi kwetu, ili nisimkabili baba peke yangu. Hilo ndilo ninalomshukuru kuliko yote. Kunizuia kulikuwa haki yake kama fundi, lakini kunisindikiza baada ya matusi yale kulikuwa wema mtupu.

Nilipofika nikamwamkia baba kwa Kibena, “Kamwene,” naye kabla hajaitikia akauliza gari iko wapi. Nilisema kweli yote mbele ya watu, pamoja na mapazia. Wengine walicheka. Baba akaushika mkono wa Fundi Shabani kwa mikono yake miwili, akasema, “Mzee mwenzangu, leo umenizalia watoto wawili.”

Tumaini aliolewa siku hiyo na vumbi la mbao kwenye shela. Leo ana wajukuu. Fundi nilimwomba radhi, akaniambia alishasahau, nami najua alidanganya kwa ajili yangu. Mungu amrehemu. Gari niliitengeneza upya kwa mpango wake: breki kwanza, halafu usukani, halafu springi, na miaka mingi baadaye injini ya dizeli iliyotoka kwenye lori chakavu. Iliingia Mlangali kwenye tope ambalo malori yaligoma kuliingia, ikafikisha wagonjwa hospitali ya Ilembula, ikakulipia wewe ada ya shule. Usione vyaelea, vimeundwa. Rangi ya kijani ilibanduka yote na sikuwahi kuona haya.

Basi mwanangu, nunua kuukuu, si aibu. Tengeneza kidogo kidogo kadiri ya mfuko wako, wala usishindane na jirani. Ila anza na kile kinacholinda watu, umalizie na kile kinachopendeza macho, na usiupindue mpango huo hata kwa ajili ya harusi. Kosa ulilolizoea mwonyeshe mtu asiyelizoea, na akikuambia, amini. Anayekuzuia siku ya furaha yako usikimbilie kumwita adui. Huenda ndiye pekee aliyekupenda kiasi cha kukubali kutukanwa.

Mungu akupe riziki ya polepole isiyokatika. Akujalie mzee mkali na sikio la kumsikiliza. Uende salama, ufike salama, na kila utakayembeba ashuke kwa miguu yake mwenyewe.