Shahidi Aliyeko Doha

Msimamizi wa chumba cha nguo, katika hoteli niliyofanyia kazi Doha, alidhani namroga. Nilikuwa nikikunja mashuka huku midomo inacheza bila sauti, naye hajawahi kuona mtu wa namna hiyo. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba mimi ni mfumaji, na wafumaji ndivyo tunavyoongea. Hakuridhika. Alinihamishia upande wa taulo, mbali na macho yake.

Nilifuma miaka kumi na miwili katika kiwanda cha nguo cha kwetu, Tanzania. Mashine zikishaanza, hata upige yowe sikioni mwa mtu hakusikii, kwa hiyo tulisomana midomo na kusaidiana na mikono. Vidole viwili vikiachana, uzi umekatika. Ukivuta sikio, msimamizi anakuja. Umbea wote wa mji niliupata hivyo, kutoka kwa mwenzangu wa mashine ya jirani, na hakuna aliyewahi kutushika. Naikumbuka kelele ile kwa mapenzi. Doha niliishi kwenye ukimya wa viyoyozi na mazulia, na ulinichosha kuliko mashine.

Kiwanda kilifungwa katika miaka ya elfu mbili. Mwenye mali aliona nafuu kufuma ng'ambo na kutuletea vitenge vilivyokwisha kuchapwa. Mashine zikafunguliwa nati baada ya nati, zikapakiwa kwenye malori, nasi tumesimama getini kama wafiwa. Mwenzangu akaanza kuuza maandazi. Mimi nikapata wakala, nikaondoka.

Serikali ilitukumbuka baadaye sana, lakini ilitukumbuka, nisiidhulumu. Ilitangaza mafunzo ya kushona kwa mashine za umeme kwa waliopoteza kazi kiwandani, miezi sita, na anayemaliza anaondoka na cherehani yake. Mwenye kitambulisho cha kiwanda aandikwe. Asiye nacho atambuliwe na mtu aliyefanya naye kazi. Cha mwenzangu kililiwa na mchwa sandukuni. Waliofuma karibu naye, mmoja alishatangulia mbele ya haki, wengine hawajulikani walipo. Alinipigia simu analia. Moshi wa maandazi ulikuwa unamharibu macho, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa.

"Dada, nimebaki na wewe tu," akasema.

Bahati nzuri, Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na kwetu ofisi ziko wazi. Asubuhi, kabla ya swala, nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya wafanyakazi huko Al Rayyan, mahali pekee mtandao uliposhika, nimejifunga mtandio mpya kana kwamba napeleka posa. Simu ikaniletea picha ya mwenzangu, na kando yake karani wa ofisi ya kazi.

"Mama, huyu unamfahamu?"

"Namfahamu vizuri, tulifuma..."

Sauti ikakatika. Tukapiga tena, na tena. Picha inakuja, sauti hakuna. Nikamwona karani anatikisa kichwa na kuvuta fomu ya mtu mwingine.

Mwenzangu akavuta sikio lake, akinielekezea karani kwa jicho. Nikacheka peke yangu pale ngazini, maana nilijua kinachofuata. Alimwambia karani jambo, karani akabisha, kisha mwenzangu akanigeukia na midomo yake ikaanza kucheza polepole: "Anasema wengi wamekuja kumdanganya. Atanipa maneno yake, nitakwambia, wewe yaandike umtumie."

Karani akamnong'oneza. Mwenzangu akanisemesha. Nikaandika ujumbe: "Nyumbani kwake leo ni maharage tena, na mkewe hataki kusikia neno."

Karani aliusoma, akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akainama, akamwandika mwenzangu. Sisi wawili tukaendelea kupiga soga bila sauti, nani ameolewa, nani amenenepa, na kwa muda huo nilikuwa nimerudi kwenye mashine yangu kabisa.

Karani akainua karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: NA WEWE JE?

Nami ningeweza kuandikwa, ila alitaka nifike mwenyewe kabla mafunzo hayajaanza wiki iliyofuata. Pasipoti ilikuwa kwa kafili, mwajiri aliyenidhamini. Bila ruhusa yake sitoki nchini, na mkataba ulikuwa umebakiza mwaka mzima. Hata kumwomba sikumwomba. Niliandika kwamba nitakuja awamu ya pili.

Awamu ya pili haikuwepo. Mwenzangu alimaliza, akapewa cherehani, sasa anashona sare za shule na macho yake yamepona. Nilimfurahia, na nilimwonea wivu, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Niliporudi nyumbani nilikwenda ofisi ile kujaribu bahati. Karani alikuwa yuleyule. Alifungua daftari la walioandikwa mafunzo, akapitisha kidole taratibu hadi akalipata jina langu. Lilikuwa kwenye mstari wa mwenzangu, mahali pa shahidi. Nikamwomba anitolee nakala ya ukurasa ule. Kitambulisho changu kilishapotea, sina karatasi nyingine inayosema niliwahi kuwa mfumaji.