Nilivyochomoka kwenye mkataba wa nyumba ya Ulaya enzi za Azimio, kwa msaada wa mke na kopo la asali

Wakuu, salaam. Vijana, marahaba kabla hamjasema. Kisa hiki kimenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Enzi za Ujamaa nilikuwa ofisa wa shirika moja la umma pale Tabora, tunakaa Gongoni. Nikapelekwa kozi Ulaya.

Wikiendi moja jamaa mwenye suti akanialika chakula kwenye hoteli ya ufukweni. Nikala mpaka nikalegea. Kumbe ni biashara. Siku hizi mnaita timeshare: nyumba moja ya mapumziko, wenyewe wengi, kila mtu na wiki yake kwa mwaka.

Sasa niambieni, mtu wa Tabora umekula chakula cha mtu, mkewe anakumiminia chai, utamwambia hutaki?

Nilisaini. Aibu tu, wakuu.

Nimerudi nyumbani ndio nikausoma vizuri. Nisipoenda wiki yangu, wanaipangisha kwa mtu mwingine na kodi yake naletewa mimi. Nikafa ganzi. Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, na cheo changu kilikuwa kinahesabiwa cha uongozi. Kazi ingeondoka, wanangu wangeitwa watoto wa bepari.

(Na nyumba yenyewe sijawahi kuiona hata mlango.)

Usingizi ukakata. Bahasha za Ulaya zikawa haziishi, na balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama pale mtaani, alikuwa na macho.

Siku moja akaniuliza barazani, "Baba Idi, Wazungu wamekuandikia tena? Kwema huko?"

"Kwema, ni mambo ya kozi tu."

Jasho mpaka kwenye soksi.

Bahasha iliyofuata ilikuwa na karatasi ya mke wangu. Kwa aliyeoa, mkataba haukamiliki mpaka mke naye asaini. Ikabidi nimweleze mama Idi yote. Nikamwambia, pamoja na hofu yangu, sioni pa kutokea: neno nimetoa, na chakula cha watu nimekula.

Akasimamisha cherehani.

"Wewe ndiye uliyekula. Mimi kwake sijala hata tonge."

Akaenda jikoni, akarudi na kopo la asali aliyoletewa na kaka yake wa Isikizya. "Mpelekee, na karatasi yake hivyohivyo, bila sahihi yangu. Chakula chake tumerudisha."

Tukatuma. Miezi ile sitaki kuikumbuka. Bosi akiniita, hata kwa salamu, najua kazi imeondoka.

Jibu likaja: mke hakusaini, mkataba umefutwa. Nilikaa chini palepale posta.

Chini ya barua yule jamaa wa suti kaongeza kwa mkono kwamba mkewe anaulizia asali nyingine.

Mama Idi akamtumia. Safari hii hakuna aliyesaini kitu.

Nilichojifunza: ukikirimiwa ugenini, shukuru, kisha sema utamuuliza mwenzio nyumbani. Na umuulize kweli.

Haya, nani mwingine hapa aliwahi kusaini kwa sababu ya aibu? Msinicheke peke yangu.