Mlinzi wa Nyasi

Siku niliyoondoka nyumbani Kinangop nilimwachia kaka yangu koti langu. Nilimwambia huko Uarabuni koti ni la nini. Mwaka mzima Jeddah, nikiwaendeshea gari familia moja mtaa wa Aziziya, nilijisifu kwa uamuzi huo, maana jasho lililowesha shati kabla sijafunga vifungo.

Kisha bosi akanihamisha. Alikuwa na kambi ya mahema jangwani, mbali kaskazini mwa Riyadh, mahali ambapo simu ilishika mtandao ukipanda kilimani tu. Familia yake ilipumzikia huko majira ya baridi.

"Wewe sasa ni mlinzi," akaniambia.

"Nitailinda dhidi ya nani, bosi?"

Akatazama mchanga pande zote. "Mafi," akasema. Hakuna mtu.

Asubuhi ya kwanza nilikuta maji ya ndoo yamefunikwa na kitu kama plastiki. Nilikigonga kwa kidole, kikavunjika. Barafu! Tangu siku hiyo nililala na nguo zangu zote mwilini na soksi mikononi. Jirani yangu wa pekee, mzee wa Kisudani aliyechunga ngamia, alinicheka mpaka akakohoa.

Mvua ilinyesha siku chache tu, na jangwa likaota nyasi fupi, laini kama nywele za mtoto mchanga. Mama yake bosi alipofika na kuziona, alilia kwa furaha. Akaamuru eneo la mbele ya hema lake lizungushiwe kamba, mtu yeyote asikanyage.

"Kazi yako ni hizi nyasi," akaniambia.

"Sawa, mama."

Basi nikawa nawafukuza ngamia kwa kandambili. Mzee wa Kisudani alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, unawakataza ngamia kula nyasi?"

"Ni amri, ami."

Familia ikarudi mjini, joto likaingia. Nyasi zikawa njano, kisha kahawia. Nilipanda kilimani nikampigia bosi simu.

"Mwagilia maji," akasema.

"Nimemwagilia, bosi. Ni majira yamebadilika."

"Mama anakuja Ijumaa. Usimwambie habari za majira."

Alhamisi alikuja mwenyewe na mazulia ya nyasi za plastiki aliyonunua soko la Batha, Riyadh. Tulipiga magoti sote wawili, yeye akiwa na kanzu yake nyeupe, tukayapigilia misumari mchangani. Sijawahi kumwona bosi akifanya kazi kwa bidii namna ile.

Mama alifika, akavua viatu, akasimama juu ya zulia. Hapo ngamia mmoja akaruka kamba, akang'ata pembe ya zulia, akatafuna kwa muda mrefu huku akitutazama mmoja mmoja. Kisha akatema.

Mama alicheka mpaka tukamshika asianguke.

"Na mimi nilijua nilipokanyaga tu," akamwambia mwanawe. "Nilikuwa nangoja uone haya. Halas, yatosha, turudini Jeddah, hapa kunaungua."

Wakati nafunga mahema, mzee wa Kisudani alikuja kumwomba mama kipande cha zulia akiswalie. Akampa lote. Tulipoondoka alikuwa amelikalia katikati, amevua viatu, ngamia wamemzunguka nje ya kamba.