Sindano za Mafua Zilizoganda

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kazi yangu katika zahanati ndogo ya Diani ilikuwa kupokea wagonjwa, kupanga kadi zao na kutunza friji. Mambo ya dawa sikuyasomea popote. Nilichokijua nilikitoa kwenye zile karatasi nyembamba zinazokunjwa ndani ya maboksi, nikizisoma kitandani chumbani kwangu Ukunda. Mwaka uliotangulia, baada ya vurugu za kuwafukuza watu wa bara, majirani zangu wa huko walikuwa wamefunga mizigo wakarudi kwao. Katika nyumba ile nilibaki mimi na milango mitano yenye kufuli.

Chanjo za mafua nilizipenda kuliko dawa zote, labda kwa sababu zilibadilika kila mwaka na kunipa kitu kipya cha kusoma. Tulikuwa nazo za aina mbili. Kampuni ya Ufaransa ilikuza virusi ndani ya mayai ya kuku, ikaviua, ikavivunjavunja. Ya Uholanzi ilisonga hatua moja mbele: ilibakiza vile vipande vya juu tu ambavyo mwili huvitambua, vingine ikavitupa. Aina ya tatu, ya kirusi kizima kilichouawa, sikupata kuiona. Nilisoma tu kwamba huwatia watu homa zaidi. Haya yote niliyaandika daftarini kwa wino wa rangi mbili, na ukurasa ukichafuka niliuchana nikaanza upya. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Maboksi ya mwaka ule yalipofika, niliyapanga jioni kabla ya kufunga. Ya Wafaransa kushoto, ya Waholanzi kulia, maandishi mbele, na safu ya nyuma nikaisukuma mpaka ikagusa ukuta wa friji, ndipo mstari ukanyooka. Nilifungua mlango mara mbili zaidi ili niutazame tu. Karatasi ilisema chanjo isigande, na ikiganda itupwe. Lakini kipimajoto kilining'inia mlangoni, kikasoma tano, nami nikakiamini.

Asubuhi boksi la nyuma lilikataa kutoka. Nilipolivuta, ngozi ya karatasi yake ilibaki kwenye barafu ya ukutani. Sindano iliyokuwa ndani, iliyojazwa dawa tangu kiwandani, ilikuwa imeganda.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachoniaibisha. Niliyatoa yote ya nyuma, nikayafuta maji, na kwa kuwa mapengo yalinikera, nikayachanganya na ya mbele ili safu zilingane. Baada ya nusu saa barafu iliyeyuka. Dawa zote zikawa sawa machoni, nami mwenyewe sikujua tena ipi ni ipi.

Saa mbili alifika Sista, muuguzi wetu, Mdigo wa Msambweni.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawijika? Hujanywa chai?"

"Nimekunywa."

"Kwa kitafunio gani?"

"Chai tu."

"Hiyo si chai, hayo ni maji ya kuoga."

Nilicheka. Ningeweza kumwambia hapo. Sikumwambia.

Wa kwanza alikuwa mzee Mwingereza aliyeishi peke yake karibu na ufuo. Jumamosi angesafiri kwenda kwa binti yake, kwenye baridi, na safari iliyopita mafua yalimlaza hospitali kule. Alikunja mkono wa shati.

"Isiwe ya Wafaransa," mzee alimtania Sista, kwa Kiswahili chake cha miaka mingi.

"Ya Wafaransa ndiyo ikuchomayo vizuri. Tulia."

Sista alimpangusa kwa spiriti, akaondoa kifuniko cha sindano.

"Sista, ngoja."

"Nini tena?"

"Iliganda."

"Imegandaje na maji haya nayaona?"

"Jana usiku. Au haikuganda. Sijui, nilizichanganya."

Akaiweka sindano chini. "Zote?"

"Zote."

"Na umekaa hapo tangu saa mbili wanitazama? Haya, mwambie mwenyewe."

Nilimwambia mzee kwamba dawa ile ingemchoma bila kumkinga. Nilimwambia achanjwe akifika kwao, na kwa kuwa sipendi kuacha jambo nusu, nikaongeza kwamba kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akatoka bila kuaga.

Sista alininyang'anya ufunguo wa friji. "Kaa kwenye simu. Wote walioandikishwa, waambie wasije."

Niliwapigia mmoja mmoja. Kwa miezi sikuwa nimezungumza na watu wengi hivyo kwa siku moja. Wengi walikata kabla sijamaliza kuomba radhi. Lakini mama mmoja mzee aliuliza iwapo chanjo zitakazokuja zitakuwa za aina ileile, na aina hizo zinatofautianaje. Nilimweleza kuhusu mayai, kuhusu vipande, hata kuhusu ile ya kirusi kizima. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho nikatafuta la kuongeza, sikulipata. Akasema asante, simu ikakatika.

"We binti," Sista aliita kutoka ndani, "wamebaki wangapi?"

Nilikuwa bado nimeshika mkonga wa simu sikioni. Nikapiga nambari iliyofuata.