Muziki wa Kufunika Pumzi

Papa yangu alikuwa anatunga muziki wa filme zinazotengenezwa na vijana wa hapa Kasongo, zile zinazozungushwa kwa pikipiki mpaka Wamaza na Kabambare. Piano yake ilikuwa ndogo, na noti mbili zilikuwa hazilii. Nilipoacha shule nilikaa kando yake. Alitazama picha bila sauti, akaimba kidogo puani, ndipo akagusa piano. Nilijifunza hivyo tu.

Filme yake ya mwisho ilihitaji mtu wa kuigiza maiti. Kila mtu aliogopa kulala kwenye mkeka asije akajiitia kifo. Papa akacheka. "Leteni huo mkeka. Mimi nimechoka, nitalala bure." Mama alinuna, siku hiyo hakumpikia.

Mvua hazijaisha, homa ikamchukua kweli. Majirani walisema ni ule mkeka. Mimi sijui.

Baada ya matanga kijana wa kamera alikuja na kompyuta yake. Muziki wote papa alikuwa ameumaliza, isipokuwa wa sehemu ile aliyolala mkekani kama maiti.

"Yaya, mkubwa wangu, hapa papa iko anapumua," alisema akionyesha kifua cha papa kwenye picha. "Watu wataona, watacheka. Weka kitu kizito, wasiangalie."

"Si ukate tu."

"Nikikata, mjane wa kwenye filme atamlilia nani?"

Akatoka kuningoja uani. Nilitazama. Shuka iliyomfunika kifuani ilipanda, ikashuka. Inzi alitua puani pake, papa akavumilia. Kila nilipoweka vidole kwenye piano nilisahau kubonyeza. Siku ya kumzika nilikuwa nimeitazama shuka yake vilevile, nikingoja, na haikupanda.

Kijana alichungulia mlangoni. "Yaya, batri inaisha."

Nikapiga. Kifua kilipoanza kupanda niliweka sauti nzito pale mjane anapolia, ili macho yamfuate yeye, kama papa angefanya. Ilikaa vizuri.

Filme ilipoonyeshwa katika ukumbi wa parokia, wanawake walilia. Waliniambia mimi ni mtoto wa papa yangu kweli. Hakuna aliyeona anapumua. Hata mama, aliyekaa karibu nami akijifuta macho kwa kitenge.

"Kumbe alijua kulala kama aliyekufa," alisema.

Nilitaka kumwambia atazame kifua. Lakini picha ilikuwa imekwisha kupita, na kwenye filme mjane na wenzake walikuwa wamefika shambani kulima.