Mahindi Yaliyongoja Shafti

Sitaki kusikia mtu akiniambia chuma ni chuma. Wateja wangu wa Tuwan, pale Kitale, waliniimbia wimbo huo kila siku: fundi, choma tu, chuma ni chuma. Sawa, kama ni dirisha la kibanda, choma tu. Kijiti chochote cha kuchomelea kitashika, hata kile kilicholala kwenye unyevu wiki nzima. Lakini shafti ya mashine ya kupukuchua mahindi si dirisha, bana. Inazunguka na kupigwa kutwa nzima. Ukiichomelea na kijiti kilichovuta maji, juu utaona imeshikana vizuri, kumbe ndani ni vitundu vitupu. Vijiti vyangu vya kazi nzito nilivifungia kwenye mkebe wenye kifuniko, na mkebe wenyewe nikauweka kando ya jiko ili visinywe unyevu. Watu walinicheka, ati fundi anakaanga vijiti kama karanga. Wacha wacheke.

Miaka hiyo ya mwanzo ya elfu mbili wazazi wangu walikuwa wamehama Malakisi, huko Bungoma, wakakodi shamba nje kidogo ya Kitale. Malakisi walilima tumbaku. Mama ndiye aliyetunga majani kwenye fito, na ndiye aliyechochea moto wa banda la kukaushia. Kifua chake kiliharibika. Akikohoa, unaweza kudhani kuna mtu anapasua kuni ndani ya nyumba. Daktari alimwambia waziwazi: mama, ukirudi kwenye tumbaku utajiua. Basi baba akashika shamba la mahindi, na mwenye shamba akampa msimu mmoja wa kujaribu. Akivuna vizuri ataendelea, akishindwa atampisha mwingine, na njia ya kurudi ni ile ile ya Malakisi. Kila nilipoyatazama mahindi yale, nilikuwa natazama kifua cha mama.

Na yalizaa, jamani. Yalizaa mpaka majirani wakawa wanasimama njiani kuangalia. Kisha mvua ikakataa kuisha. Wakati wa kuvuna, wakati ambao jua linatakiwa kukausha kila kitu, mvua ilishuka kutoka Mlima Elgon kila adhuhuri, na upepo wake. Mahindi yalivunwa yakiwa mabichi mabichi, yakarundikwa chini ya turubai. Ukitia mkono ndani ya rundo unatoka na joto. Yalikuwa yanataka kupukuchuliwa na kuanikwa upesi, la sivyo yataoza pale pale. Mashine ilipofika ikikokotwa na trekta, baba aliivulia kofia. Haikumaliza hata robo ya rundo. Shafti ilikatika.

Nilipopata habari nilipakia jenereta na mkebe wangu kwenye pikapu ya rafiki, tukaenda mpaka matope yakatukataa. Trekta ikaja ikatukokota. Nilimkuta mwenye mashine amenuna.

"Fundi, fanya haraka. Watu wengine wananingoja. Hii kitu ikilala hapa leo, nimeharibikiwa."

"Mzee wangu, hii si kazi ya kukimbiza."

"Si uchome tu? Chuma ni chuma!"

Tulifunga turubai upande wa upepo, tukaifuta shafti mpaka ikakauka. Nikawasha moto wa magunzi chini yake ili chuma kipate joto kabla ya kijiti, maana chuma kigumu ukikichoma kikiwa baridi, kinapasuka. Vijiti vikavu nilivyokuwa navyo vilikuwa vichache, nikavitumia vyote. Kila tabaka nililitoa gamba kwa nyundo, nikaangalia, nikaweka lingine. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni lakini moyo wangu ulikuwa mweupe. Kusema kweli, sijawahi kuchomelea vizuri kama siku ile. Nilipomaliza nikaifukia ile sehemu kwa jivu la moto.

"Mtu asiiguse," nikasema. "Ipoe yenyewe, polepole."

Mama aliniita jikoni ninywe chai. Nikaenda.

Sasa, baba yangu alikulia kwenye tanuri. Babu alikuwa mfua majembe, na kwao jembe likitoka motoni linatumbukizwa majini, linalia chwaa, hapo ndipo wanasema limeiva. Mwenye mashine alipoona nimeingia ndani, alianza kumwambia baba kwamba yeye haketi kungoja jivu lipoe, anafungua trekta anaenda zake. Baba akashikwa na hofu. Alitaka kumzuia yule mtu. Alitaka kuokoa mahindi yake. Akapangua jivu, akachota maji kwa sufuria, akaimwagia shafti.

Nilisikia mlio nikiwa na kikombe mkononi. Ta! Nilijua kabla sijafika mlangoni.

Baba alikuwa amesimama na sufuria, anatabasamu. "Nimekuivishia," akaniambia. "Babu yako alikuwa anafanya hivi."

Niliinama nikaangalia. Ufa ulikuwa mwembamba, umezunguka kando ya kazi yangu yote. Nilitaka kufoka. Ungemfokea vipi mzee mwenye furaha namna ile? Nilimwonyesha kwa kidole tu. Alivua miwani, akaifuta, akavaa tena, akaangalia. Akaiweka ile sufuria chini taratibu.

Mwenye mashine alilazimisha nirudie na vijiti vya kawaida, vile vya milango, tena vilikuwa vimeshalowa. Nilimwambia havitashika. Akasema jaribu. Nikajaribu. Mashine ilizunguka kidogo, shafti ikakatika pale pale. Akaikokota akaondoka bila kuaga, na mashine nyingine haikupatikana, kila mtu alikuwa anazigombania. Tulipukuchua kwa mikono, sisi na majirani, mpaka vidole vikatoka damu. Rundo lilitushinda. Yaliota, yakawa meusi, yakanuka. Hata ng'ombe waliyageuzia pua. Mwenye shamba alikuja, akaangalia, akatikisa kichwa.

Wazazi wakarudi Malakisi. Nilimwona baba akizeeka. Mama alirudi kutunga tumbaku, akisema kikohozi ni cha baridi. Baridi gani, na moto ule wote!

Msimu uliofuata wakaniita. Bomba la bati linalopitisha moto ndani ya banda lilikuwa limetoboka, na moshi ulikuwa unaharibu majani. Nilienda. Nilijiambia njiani kwamba nitakataa, nitalivunja, nitaliangusha banda zima. Nilipofika, mama alikuwa amekaa nje na fito mapajani, anahema, na hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea isipokuwa majani yale. Nikawasha jenereta. Bati lake ni chuma laini, halihitaji vijiti vya kazi nzito. Vijiti vya milango vilitosha.

Mama aliingia kutazama, akapitisha kiganja juu ya bomba. "Umetengeneza vizuri, baba," akaniambia. "Hii itakaa."

Ilikaa. Wiki tuliyomzika, bomba lile lilikuwa bado zima, na ndani ya banda yalining'inia majani aliyokuwa ameyatunga kwa mikono yake.